Gari la Zimamoto Alilokuwa Akiendesha Babu Linauzwa, Tulinunue?

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu hii. Babu yetu mzaa baba, sasa marehemu, alikuwa dereva wa zimamoto maisha yake yote ya kazi na gari alilokaa nalo muda mrefu kuliko yote ni Bedford TK, lile lori la Uingereza. Nyumbani kuna picha yake kasimama kwenye kikanyagio cha mlango, mkono mmoja kashika bomba la kioo cha pembeni. Baba anasema walipokuwa wadogo walikuwa wanalijua kwa mngurumo kabla halijatokea kwenye kona. Gari liliuzwa mnadani zamani, sasa hivi limelala kwenye uwanja wa mtu wa vyuma chakavu, halijawaka miaka mingi, matairi yamekaa chini, pampu ipo ila hatujui kama nzima. Mwenye uwanja anaapa kwamba ndo lenyewe lakini namba za usajili zilishabadilishwa. Wajukuu tumekubaliana tuchange. Mimi nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani, dada yangu anasema tukilipaka rangi upya tutakuwa tumemfuta babu, na baba yeye anataka kulisikia likinguruma tu, basi. Tuanzie wapi?
Mjukuu wa Dereva

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni kwa babu. Barua yako nimeisoma mara mbili mbili maana hili jambo nalipenda kutoka moyoni, magari ya zimamoto yaliyokatwakatwa yakawa chuma cha kuyeyushwa ni mengi mno, na kila moja lilikuwa na dereva aliyelijua kwa sauti kama babu yenu.

Kabla ya yote hakikisheni ni lenyewe. Namba ya usajili sahau, hiyo inabadilika, rangi nayo inabadilika. Kinachobaki ni namba ya chesisi, imegongwa kwenye chuma chenyewe na ipo pia kwenye kibati, halafu kwenye TK ya zimamoto mtakuta mara nyingi kibati cha pili cha waliojenga bodi, manake Bedford walitoa chesisi na injini lakini bodi ya zimamoto ilijengwa na kampuni nyingine kama HCB-Angus au Carmichael, kwa hiyo gari moja lina vyeti viwili vya kuzaliwa na vyote mnavitaka. Nendeni na hizo namba kituo alichofanya kazi babu, muulize kwa heshima kama daftari za magari za zamani zipo, na kama zimeshatupwa watafuteni wazee waliofanya naye kazi, mzee aliyepanda gari miaka kumi analijua hata gizani.

Na ile picha ya nyumbani msiiache kabatini. Ikuzeni, nendeni nayo uwanjani mkalinganishe vitu ambavyo hakuna mtu angejisumbua kuvibadilisha, mfano bomba la kioo limefungwa kwa bolti ngapi na limepinda wapi, ribiti za kikanyagio, tundu la taa iliyong'olewa, bonde kwenye kona ya bodi. Kama mwenye gari atawaruhusu, chukueni msasa laini wa maji, lowesheni sehemu ndogo tu ya mlango, kama ukubwa wa kiganja, msugue taratibu bila haraka. Rangi inashuka tabaka kwa tabaka, nyekundu ya juu, pengine nyingine iliyopauka chini yake, halafu mkiwa na bahati inaanza kutokea pembe ya herufi au mkia wa namba ya kituo iliyoandikwa kwa mkono. Ikitokea simameni hapohapo, pigeni picha, msiendelee. Hiyo pembe ya herufi inaaminika kuliko kiapo cha muuzaji.

Msidanganywe na kilomita. Gari la zimamoto likishafika kwenye moto linasimama na injini inaendelea kuzungusha pampu kwa masaa, kilomita haziongezeki hata moja huku injini inachoka, tena ni injini iliyokuwa inawashwa ikiwa baridi na kukanyagwa mafuta papo hapo kwa sababu watu wanaungua. Kilomita chache kwenye dashibodi hazimaanishi kwamba injini ni mbichi. Mkikuta saa ya kuhesabu masaa ya pampu angalieni hiyo.

Kutu itafuteni chini ya tenki la maji na pale chesisi inapopita nyuma, ndipo maji yalipokuwa yanadondoka miaka yote. Spea za injini, gia na difu za TK hazitawatesa sana kwa sababu lilikuwa lori la kawaida lililouzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1960. Kinachotesa ni vitu vya zimamoto vyenyewe, vifuniko vya kukunja vya makabati, viunganishi vya mipira ya maji, kengele, saa za presha za pampu, nyingi ni shaba na shaba ndo ya kwanza kung'olewa kwenye uwanja wa chuma chakavu. Andikeni kila kilichopungua na bei mzungumzie hapo, tena kabla hamjalipa mtembee uwanja mzima mkitazama kama vitu hivyo vimetupwa pembeni, huwa vinakuwepo.

Hela isitoke mfukoni kabla ya karatasi. Gari lililouzwa mnadani lazima liwe na hati ya mauzo, na huyo anayewauzia awe na uwezo wa kuonyesha lilivyomfikia. Na nyinyi wenyewe kwa wenyewe andikishaneni, nani kachanga nini, gari liko kwa jina la nani, na siku mmoja akitaka kutoka anatokaje. Undugu wenu ni mzuri, uwekeeni karatasi ili ubaki mzuri.

Kingine ambacho watu wanakisahau mpaka gari liko getini ni pa kuliweka. Pimeni urefu wa juu ikiwemo ngazi na taa, sio bodi tu. Linataka paa na sakafu kavu. Nje kwenye mvua mtakuwa mnatengeneza mbele huku linaoza nyuma.

Sasa kulitoa pale. Lisiwashwe uwanjani na lisivutwe kwa kamba likiwa kwenye matairi yake, lipakieni juu ya trela. Tairi la zamani linaweza kuonekana zuri kwa nje huku ndani limekufa. Lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mkikuta tarakimu tatu tu basi ni la kabla ya mwaka huo na ni la kutupa hata kama kashata zote zipo. Na kama rimu ni zile za vipande zenye pete ya chuma, nawaomba sana asizifungue mtu asiyezijua, ile pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua, lazima ijazwe ndani ya kizimba cha chuma.

Baba yenu sasa. Mafundi wengi watawaambia injini ni ya mwisho, fungueni kila kitu kwanza. Mimi nasema mpeni mzee mngurumo wake mapema, hakuna ubaya injini ikawaka gari likiwa limesimama na limewekewa vigingi kwenye magurudumu, mradi halitembei. Ila msikurupuke. Toeni plagi, au nozeli kama ni ya diseli, mimineni oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, muache siku kadhaa, ndipo mzungushe injini kwa mkono kwa spana. Ikigoma isilazimishwe kwa kulivuta gari likiwa kwenye gia, mtapinda vyuma vya ndani na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa. Ikizunguka badilisheni oili na filta, mwageni mafuta yote ya zamani, mlishe injini kutoka kwenye kidumu kisafi kwa mpira mpya, na kizima moto kiwe karibu. Kwa diseli mtu mmoja asimame na ubao mikononi tayari kuziba njia ya hewa, kwa sababu pampu ya mafuta iliyolala miaka inaweza kukwama wazi na injini ikapanda yenyewe bila kusikia swichi. Baba akae kiti mbele ya hiyo gari siku hiyo, na mrekodi sauti.

Baada ya hapo ni breki, kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo silinda za magurudumu zimekuwa zinaliwa kwa ndani. Fungueni magurudumu yote, badilisheni raba zote, mabomba, mipira, na masta silinda ifanyiwe ovahoo. Magari mengi ya umri huo yana saketi moja tu ya breki, yaani bomba moja likipasuka pedali inazama mpaka chini na hakuna akiba, na hapo una gari zito. Kila lita 1,000 za maji ni tani nzima, kwa hiyo tenki litembee likiwa tupu au limejaa, nusu hapana, hasa kama hamjaona hali ya kuta za ndani ya tenki zinazozuia maji yasikimbie huku na huku, maana maji yakihamia upande mmoja kwenye kona yanalilaza gari. Halafu lining'i za breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto, vumbi la dramu lisipulizwe kwa upepo wala kufagiliwa kikavu, lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na mvae barakoa inayofaa.

Pampu, hii ndo roho ya gari. Kwenye magari ya Uingereza ya kipindi hicho mtakuta sana pampu za Coventry Climax aina ya Godiva (kampuni hiyohiyo ambayo injini yake nyepesi ya pampu za kubeba za miaka ya 1950 ilikuja kugeuzwa kuwa ya magari ya mbio, nikifikiria hilo nafurahi kila siku). Pampu ya namna hii inazungusha maji kwa kasi lakini haiwezi kunyonya hewa, lazima kifaa kingine kitoe hewa kwanza ndipo maji yapande. Na hata ikiwa nzima kabisa maji hayapandi zaidi ya mita 10 na kidogo, huo ndo uwezo wa mgandamizo wa hewa, kwa kazi halisi ni kama mita 7 na nusu. Kwa hiyo ikishindwa kunyonya kutoka kisima kirefu msiilaumu. Ijaribuni kwanza bila maji ya kisima, zibeni njia zote, toeni hewa, mtazame mshale wa saa ya presha. Ukishuka haraka kuna mahali panavuja, mara nyingi ni sili ya shafti au koki ndogo ya kumwagia maji iliyoachwa wazi. Isizungushwe kavu kwa muda mrefu, sili zinaungua. Na baada ya kila zoezi mwageni maji yote yatoke.

Nimeliacha suala lako na dada mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu rangi ni kazi ya mwisho na mna muda wa kupatana. Lakini mkiniuliza nasimama na dada kwa sehemu kubwa. Gari kama jipya la kiwandani ni zuri, ila TK jipya la kiwandani babu yenu hakuliendesha zaidi ya siku chache, aliendesha lililochubuka. Tazama sakafu chini ya pedali ya klachi, kama ni lenyewe mtakuta pamelika pale kisigino chake kilipokuwa kinatua, na usukani umeng'aa sehemu mbili alipokuwa anashika. Hivyo mkibadilisha hamtavipata kwa hela yoyote. Kwa hiyo usukani, pedali, vishikio vya milango na sakafu ya dereva visafishwe, vizuiwe kutu, viachwe. Penye kutu kweli hapo dada akubali, pakatwe, pachomelewe, papakwe rangi, kutu haina heshima kwa babu wala kwa mtu mwingine. Maandishi ya mlangoni kabla hayajaguswa yanakiliwe kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, ukubwa uleule, maana mengine yaliandikwa kwa jani la dhahabu halisi na mkono wa fundi yule haurudi. Na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, msizisugue kavu, na watoto wasiwepo karibu.

SWALI: Sisi gari letu la zimamoto limeshapona, alikuwa akiliendesha baba yangu mdogo. Kwenye shughuli za ukoo watoto wanataka kupanda nyuma na vijana wanataka kupiga king'ora barabarani. Inaruhusiwa?
Mama wa Watatu

JIBU: Dada yangu, king'ora na taa za dharura barabarani hapana. Sehemu nyingi sheria inaziachia magari ya dharura tu, gari la mtu binafsi linatakiwa lizizime au zifunikwe, na hata pasipokuwa na sheria fikiria dereva wa mbele anayekupisha kwa hofu akaingia mtaroni. Vipigwe gari likiwa limesimama uwanjani, watoto wapigie mpaka wachoke. Kupanda nyuma kwenye jukwaa gari likitembea pia hapana, hata askari wa zimamoto wenyewe walianguka wakafa kwa kusimama nyuma namna hiyo na ndo maana utaratibu ule uliachwa. Wakae ndani kwenye viti na mtafute fundi afunge mikanda kwenye chuma cha chesisi, isifungwe kwenye bati la sakafu. Na anayeendesha awe na leseni ya daraja linalolingana na uzito wa gari, bima nayo iandikwe kwamba linabeba watu, muulize wakala wako akupe jibu kwa maandishi kabla ya shughuli inayofuata.