Jibu: Modeli ya soko, watu watano, wiki mbili

Mdogo wangu, umeuliza mgawaneje kazi ya modeli ya soko lenu la ghorofa (jengo dogo la mfano, la kadibodi), na kama kila mtu akatengeneze kipande chake hosteli. Hapana. Kaeni chumba kimoja, angalau siku za kukata.

Sisi tuligawana, kila mtu akaenda kwake. Siku ya kuunganisha, ghorofa ya juu ilikuwa fupi kuliko ya chini kwa karibu sentimita 2. Mwenzetu hakukosea kukata. Ramani yake ilipochapwa stesheneri ilipunguzwa ili ienee kwenye karatasi. Iliniuma sana, maana alikesha siku mbili. Kwa hiyo pembeni mwa kila ramani choreni mstari unaowakilisha mita 10 za jengo halisi. Kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita 1 ya modeli ni mita 1 ya jengo, mkiupima kwa rula lazima uwe sentimita 10 kamili. Ukipungua, chapeni upya.

Kingine ni unene wa kadibodi. Milimita 3 kwenye 1:100 ni sawa na sentimita 30 za jengo halisi, kwa hiyo kubalianeni mapema kwenye kila kona ukuta upi unapita hadi ukingoni na upi unaishia kwenye mwenzake. Unaoishia kati ya kuta mbili upunguzwe milimita 3 kila upande. Unene wa sakafu nao uhesabuni kwenye kimo.

Mwenye mkono usiotetemeka ndiye akate: wembe mpya, rula ya chuma, apitishe mara tatu nne kwa wepesi bila kukandamiza. Miti na watu mwisho kabisa. Paa msiligundishe, mwalimu atataka kuona ndani.