Kontena la taka: kifusi kina lake

Dada, umeuliza mkodi kontena la taka la yadi ngapi (yadi za ujazo, ndizo kipimo cha ukubwa wake), maana hapo Leicester, Uingereza, mnabomoa jiko na bustani mnaichimba. Tazama uzito kwanza. Udongo na matofali, chukua la yadi 6, mwisho 8. La yadi 12 ni la vitu vyepesi, makabati na maboksi; ukilijaza kifusi lori halilinyanyui. Mimi yalinikuta: nilikitoa kifusi kwa koleo, mvua inanyesha, jirani ananichungulia dirishani! Jipsamu, zile mbao za plasta za ukutani na darini, itengeni, isichanganyike na taka nyingine. Friji, matairi, betri na rangi za maji maji kwa kawaida wenye makontena hawapokei. Kama uani hakuna nafasi na litakaa barabarani, kibali cha halmashauri kwanza.