Kabla hujaanza kukusanya filamu za kutisha za taratibu

Nikikuwekea filamu ya kutisha inayokwenda taratibu, najua baada ya dakika kumi utaniuliza, "Sasa mzimu unatoka saa ngapi?" Sikulaumu. Wengi tumekulia vibanda vya video, muvi imetafsiriwa, anayetafsiri ana kelele kuliko jini mwenyewe. Ila kwa kuweka kabatini, chukua hizi za taratibu. Zile za kushtua huisha utamu ukishajua ni mlango gani utafunguka.

Anza na Carnival of Souls ya 1962. Herk Harvey alikuwa akitengeneza filamu za mafunzo huko Kansas, Marekani. Akiwa safarini akaliona Saltair, jumba la starehe lililotelekezwa kando ya ziwa la chumvi la Utah, likamkaa kichwani. Filamu ikagharimu kama dola 33,000 tu. Damu hakuna. Kuna dada mpiga kinanda cha kanisani, jumba tupu, na mwanamume wa uso mweupe anayemtazama. Sokoni ilidoda, na Harvey hakutengeneza tena filamu ndefu. Watazamaji wa televisheni za usiku ndio walioifufua. Kwetu wakusanyaji, habari kama hiyo ni nusu ya utamu. Hakimiliki yake Marekani haipo, kwa hiyo itazame bure kwanza. Ukiona unataka kuirudia, ndipo ununue diski iliyosafishwa. Nakala mbovu za bei chee zimejaa.

Kabla ya kulipa, uliza diski ni ya kanda ipi, yaani imefungiwa ichezwe eneo gani la dunia. DVD za Marekani ni kanda 1, sisi Tanzania ni 5, na deki nyingine hukataa kabisa. Kwenye Blu-ray sisi tuko B pamoja na Uingereza, wakati Marekani ni A, kwa hiyo mimi huagiza Uingereza.

Za nyumbani je? Nsyuka ya mwongozaji wetu Mussa Banzi, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, si ya taratibu hata kidogo, lakini jina lake, yaani mzimu, Wanyakyusa hawahitaji kuelezwa. Enzi hizo muvi zetu zilitoka kwa kanda za VHS, basi waulize mafundi wa redio pale Mwanjelwa, Mbeya. Kanda ikaguliwe kwanza: kwa unyevu wa huku, hasa Tukuyu, ukungu hupenda kuota kwenye utepe, na ukiuingiza kwenye deki utaharibu na kanda nyingine. Na ukiipata Nsyuka yenye jalada lake, usimuuzie mtu kabla hujanitafuta.