Usikimbilie fimbo, muulize anavuta saa ngapi

Mwaka juzi dada alinipigia simu usiku analia, njoo umchukue mpwa wako kabla sijamuua. Dogo alikua na miaka 15, kidato cha pili, wamemkuta na misokoto miwili ya bangi kwenye soksi. Nikaenda Tukuyu kumchukua tukaja kukaa wote hapa kwangu Soweto, Mbeya, na haya naandika kwa mzazi au mlezi ambae leo yupo pale nilipokua mimi usiku ule, hajui hata aanzie wapi.

Kilichonistua zaidi sio ile misokoto. Wiki ya kwanza nilimtuma dukani, chumvi, kiberiti na sabuni ya kipande, duka lenyewe nyumba ya nne tu. Akarudi na kiberiti. Akasimama mlangoni ananiangalia na nikaona kabisa hanifanyii jeuri, yani anatafuta vile vingine kichwani na havipo. Iliniuma sana maana mi mwenyewe nilianza bangi nina miaka 16, bwenini, na naikumbuka hiyo hali, unasoma ukurasa mmoja mara nne afu ukifunga daftari hamna kitu. Nilijua ndo akili zangu zilivo. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliekaa na mimi akanieleza kinachoendelea.

Sasa kinachoendelea ni hivi. Ubongo wa mtoto ukifika miaka sita tu unakua na kama asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ila ujenzi wa ndani unaendelea mpaka kwenye miaka 25 hivi. Fundi anaanzia nyuma anakuja mbele, sehemu ya mwisho kabisa kumalizika ni hii iliyopo nyuma ya paji la uso, ndo inayomwambia mtu subiri kwanza, fikiria kesho itakuaje. Upande wa kutafuta raha wenyewe umeshachangamka tangu anabalehe. Kwaiyo ni nyumba ina redio inapiga kwa sauti ya juu sebuleni na mlango wa mbele haujafungwa bado, yoyote anaingia. Afu umri huo ubongo unachagua njia za kubaki nazo, kama tu vinjia vya shambani, kile kinachopitwa kila siku kinakua barabara na kisichopitwa kinaota majani. Mtu mzima akianza sigara au pombe anaweza kunasa, ila mtoto ananasa haraka zaidi, ndo maana hizi sigara wanazouziwa moja moja wakitoka shule nazichukulia serious kuliko watu wengi ninaowajua.

Na bangi ina lake. Mwili wenyewe unatengeneza vitu vinavyofanana na kilichomo kwenye bangi, seli za ubongo zinavitumia kupeana taarifa na kujipanga, kidogo kidogo kwa wakati wake. Moshi ukiingia unafungua vitasa vilevile vyote kwa mpigo, na sehemu inayotunza kumbukumbu ina vitasa hivo vingi, ndo pale chumvi na sabuni zinapopotelea. Kule New Zealand mji wa Dunedin kuna watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 ambao wamekua wakifuatiliwa mpaka utu uzima. Wale walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na wakaendelea nayo miaka mingi, walipopimwa akili wakiwa na miaka 38 walikua wameshuka mpaka pointi 8, na waliopunguza ukubwani haikurudi yote. Wapo wataalamu waliobisha, wakasema hali ya maisha na familia nayo inachangia, na hoja yao ina uzito, ila kwa mtoto wangu mi siwezi kukaa nisubiri wamalize kubishana. Na kama kwenye ukoo wenu kuna mtu alishawahi kuugua akili basi muongezee umakini mara mbili, maana kwa kijana wa namna hiyo bangi inaweza kuleta ugonjwa mapema, ukiona anaongea peke yake au anasikia sauti mpeleke hospitali, usipoteze muda kwingine.

Kitu kingine cha huku kwetu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba madogo wanaambiana kunywa upate joto, na wazee nao wanasema hivohivo kilabuni. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi ndo unahisi joto, kumbe joto la mwili ndo linatoka nje.

Turudi kwa dogo. Mama ake alikua ameshampiga sana na haikusaidia, mi nikamuuliza swali moja tu, unavuta saa ngapi? Akashangaa. Akasema saa kumi, wakitoka shule. Basi hiyo saa kumi nikaichukua. Nina ofisi yangu ndogo ya ufundi, nikawa nafunga mapema tunavaa raba tunakimbia kuelekea Mafiati na kurudi. Siku ya pili alitapika pembeni ya barabara. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu, hewa nyepesi, kwaiyo tulishusha mwendo, tunakimbia kidogo tunatembea kidogo, na Jumamosi tunapandisha upande wa mlima Loleza. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia miaka 5 mpaka 17 ni dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, sio wikiendi tu.

Mazoezi ya kukufanya uhema yanaongeza protini ambayo kwa seli za ubongo ni kama mbolea, na inafanya kazi mpaka kwenye ileile sehemu ya kumbukumbu. Tena ukikimbia mwili unaongeza vile vitu vyake vinavyofanana na bangi, ndo ile raha ya baada ya mazoezi. Nilivomwambia hivo dogo akacheka akasema, kwaiyo anko, navuta kwa miguu.

Sema chagua na kampani. Timu ya mtaani ambayo mechi ikiisha wote wanahamia kilabuni ni kazi bure, bora akimbie na wewe. Na usingizi usiuchezee, ni masaa nane mpaka kumi kila usiku kwa umri huo, simu nilikua naichukua saa tatu usiku tukagombana mwezi mzima.

Kama miezi minne baadae nikamtuma sokoni Mwanjelwa vitu vitano bila karatasi. Akaja na vinne, kasahau vitunguu. Nilikaa kwenye kochi nikamshukuru Mungu kwa vile vinne.

Krismasi akaenda kwa mama ake na akarudi macho mekundu. Niliona na yeye alijua nimeona. Nilitamani sana kupiga kelele, nikanyamaza, kesho yake saa kumi nikaweka raba zake mlangoni nikakaa nje. Alichelewa kutoka ila alitoka. Hatukukimbia siku ile, tulitembea tu polepole mpaka Mafiati, na wakati wa kurudi ndo akaniambia nani alimpa.