Seva ya ofisi na siri za wateja: maswali yenu

Tunauza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga. Seva yetu ina stoo, mauzo na madeni ya wateja. Fundi alituwekea diski ya nje inayonakili kila usiku, na imechomekwa kwenye seva saa zote. Inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu, na nakuomba ulishughulikie leo kabla ya kufunga duka. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vikiingia, hupitia kila diski vinayoiona na kila folda ambayo ofisi inashiriki. Wadukuzi wenyewe siku hizi hutafuta nakala kwanza wazifute, maana wanajua mwenye nakala halipi.

Nunua diski mbili, zipokezane. Moja inakili leo jioni, ichomolewe, iende nyumbani kwako. Kesho iingie ya pili. Zote zifungwe kwa neno la siri, isije moja ikasahaulika kwenye matatu na daftari lote la madeni ndani. Ukiweza, ongeza nakala ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa akaunti isiyotumia pasiwadi ya seva.

Mwaka 2017 kirusi cha NotPetya kiliangusha kompyuta za Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake unayaona Barabara ya Mombasa. Seva zao zenye orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zilifutika pamoja. Ilinusurika moja, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko na mashine ilikuwa nje ya mtandao. Fikiria: kampuni yenye uwezo wote ule, na nakala iliyoifaa ni ile tu ambayo kirusi hakikuifikia.

Jambo la pili, jaribu kurejesha. Mara moja kwa mwezi chukua kompyuta nyingine, fungua nakala, tafuta ankara ya wiki jana. Diski ikijaa, kazi ya kunakili hukwama kimyakimya, na ujumbe wa hitilafu huenda kwenye baruapepe ya fundi aliyeacha kazi zamani.

Tuna kliniki ndogo Umoja, wahudumu sita. Tumeambiwa sheria ya data ni ya mabenki na makampuni makubwa. Ni kweli?

Si kweli, dada. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Kanuni za usajili za 2021 zimewasamehe kujisajili wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini wanaotibu wagonjwa hawamo kwenye msamaha huo. Jisajilini kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mjue, na mgonjwa mwenyewe aambiwe. Faini ya ofisi hiyo inaweza kufika milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Kinachoniuma zaidi ya faini ni huyo mgonjwa. Anayekuja kwenu kupimwa Ukimwi huenda anaishi ploti moja na mhudumu wenu. Majibu yake yakitoka nje, yametoka. Kwa hiyo kila mhudumu awe na jina na pasiwadi yake, na ile ya pamoja iliyobandikwa kwenye skrini ya mapokezi iondolewe. Wa mapokezi aone miadi na malipo, asione maabara. Skrini igeuzwe isitazame benchi la wanaosubiri. Na tafadhalini, picha za majibu zisitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi. Zinabaki kwenye simu ya kila mmoja, hata ya atakayeacha kazi kesho.

Ofisi yetu ya uhasibu iko Barabara ya Ngong, na mwenzetu mmoja hufanyia kazi Rongai. Fundi alifungua poti ya 3389, mlango wa mtandao ambao Windows huutumia mtu akiingia kwa mbali, aweze kuingia kwenye seva, kisha akabadilisha namba yake ili wadukuzi wasiione. Tuko salama?

Hamko salama. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila poti, na namba mpya haizichukui muda kuipata. Ifungeni. Mwenzenu apitie VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa ndani ya intaneti, nayo idai hatua ya pili ya uthibitishaji kwa programu ya simu, si kwa SMS, maana Nairobi tunajua jinsi laini ya mtu inavyohamishwa na matapeli. Mei 2021 kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline, Marekani, iliingiliwa kupitia akaunti ya zamani ya VPN isiyokuwa na hatua hiyo. Pasiwadi moja tu ilitosha. Kwa hiyo pitieni pia orodha ya akaunti, mfute za waliokwisha kuondoka.

Nilipie antivirusi ipi? (Duka la vifaa vya ofisi, Luthuli)

Kwanza angalia toleo la Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna antivirusi inayoziba pengo hilo. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka Mei 2017, kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba tundu kilimopitia, kilikuwa tayari tangu Machi; wengi walioumia hawakuwa wamekiweka. Ukiwa na toleo jipya linalosasishwa, Defender, antivirusi ya Microsoft iliyomo ndani yake, inatosha kwa duka lako.

Tumefika ofisini asubuhi, mafaili hayafunguki, na kuna ujumbe wa kudai bitcoin. Tulipe? (Shule ya binafsi, Kasarani)

Poleni sana. Msilipe. Colonial ile ile ililipa takriban dola milioni 4.4, ikapewa kifungulio kilichofanya kazi polepole mno hata ikategemea nakala zake yenyewe.

Chomoeni nyaya za mtandao na kuzima waifai, lakini mashine msizizime wala kuzifuta, maana ushahidi mwingine umo kwenye kumbukumbu zake za muda, ambazo hufutika zikizimwa. Pigeni picha ujumbe huo. Ripotini kwa KE-CIRT, kikosi cha taifa cha mashambulizi ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa DCI, polisi wa upelelezi. Saa 72 za Kamishna zimeshaanza kuhesabiwa, kwani mnashika habari za watoto. Tafuteni mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na wenzao: unatoa vifungulio vya bure kwa baadhi ya virusi hivi. Na kwa kompyuta ambayo haikuwa kwenye mtandao huo, badilisheni sasa hivi pasiwadi za benki, za Paybill ya karo na za baruapepe ya mwalimu mkuu.