Picha ya familia: anza na yule mgumu kumvalisha

Dada, nimekusoma vizuri. Mko sita: wewe, mzee wako, watoto watatu na mama mkwe. Picha mnapigia nje, muda umebaki wiki mbili. Mama mkwe anataka wote mvae nyeupe, mzee anasema sare ni za shule, na wewe hujui umsikilize nani. Nimefanya kazi studio kwa miaka kadhaa, na kazi yangu ilikuwa kupokea familia, kunyoosha kola na kufuta pua za watoto kabla mpiga picha hajaanza. Ninayokwambia nimeyaona.

Kwenye sare, mzee ana hoja. Watu sita wakisimama pamoja wote wamevaa nyeupe, ukiitazama picha kwa mbali unaona doa moja kubwa jeupe na vichwa sita juu yake. Halafu nyeupe tupu juani ni tabu, hasa ikiwa karibu na ngozi nyeusi. Mpiga picha akizipa sura mwanga wa kutosha, mashati yanaungua, hata mkunjo wa kitambaa hauonekani. Akiyaokoa mashati, sura zinaingia giza. Krimu au rangi ya mchanga ina nafuu kubwa, na mtu akiiona pichani bado ataiita nyeupe.

Ila mama mkwe usimwambie hapana. Muulize: mama, nguo gani ukiivaa unajiona umependeza? Akishaitaja, nyie wengine wote ifuateni hiyo. Kama ni nyeupe, basi avae yeye, nanyi mkae kwenye rangi nyepesi zinazokaribiana nayo ili isiruke peke yake.

Familia nyingi huanza na watoto kwa sababu nguo zao hazisumbui kupatikana. Wanamaliza watoto, wanakuja kugundua mtu mzima hana kinacholingana, anaazimwa blauzi ya mtu. Dada, mtu aliyevaa nguo asiyoipenda humfichi. Atavuta mikono, atafunika tumbo kwa mkoba, na uso wake utasema yote. Anza na yule mgumu kumvalisha, watoto wafuate.

Kuna mama mmoja alikuja na gauni la maua makubwa: damu ya mzee, kijani kilichofifia, chini yake krimu. Wenzake wote walichukua rangi kutoka mle mle. Binti alivaa damu ya mzee tupu, baba shati la krimu, kijana fulana ya kijani kile na suruali ya kahawia. Hakuna aliyefanana na mwenzake, na ukiwatazama unajua ni watu wa nyumba moja. Kwa hiyo tafuteni nguo moja yenye maua au michoro, wengine wavae rangi tupu zilizomo humo, tatu au nne zinatosha. Wakiwa wawili wenye michoro, wasikae jirani.

Mashati ya mistari myembamba sana au drafti ndogo ndogo acheni nyumbani. Kamera za kidijitali zinazikosea: pichani hutokea mawimbi ya ajabu ambayo kwenye kitambaa hayapo, na kuyasafisha ni kazi. Fulana zenye maandishi kifuani pia hapana, kila atakayeiona picha ataanza kusoma. Rangi kali za kung'aa, ile kijani ya taa au waridi kali, hurusha rangi yake chini ya kidevu na mtu anaonekana kama anaumwa. Na ulizia mapema nyuma yenu kutakuwa na nini, maana ukivaa kijani mbele ya majani utabaki kichwa na mikono.

Nguo zikishapatikana, zitandaze zote kitandani kwa mpangilio mtakaosimama, piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kinachoruka hapo ndicho jicho litakachokwenda kukitazama kwanza. Kikiwa ni kigauni cha mtoto mdogo, safi. Kikiwa ni raba nyeupe za mzee, badilisha.

Siku kadhaa kabla, kila mtu avae zake na akae chini, achuchumae, ambebe mtoto. Hapo ndipo utakapoona suruali inayopanda hadi soksi zionekane, shati linaloachama kati ya vifungo, sketi ambayo wima inapendeza na ukikaa inakuwa aibu. Angalia na soli za viatu, maana mtoto akikaa kwenye nyasi soli ndiyo inayotazama kamera. Chini ya nguo nyepesi vaa sidiria ya rangi ya ngozi yako, nyeupe huwa inaonekana. Soksi za watoto zenye mpira mkali zivuliwe mapema kama watapigwa miguu mitupu, lile duara la kifundoni halifutiki upesi. Na huyo mzee wako mtoe simu na funguo mfukoni! Sijui wanaume wanadhani mfuko ni kabati.

Nywele msiache hadi siku yenyewe. Kinyozi siku mbili tatu kabla, kusuka vilevile, ili kichwa kitulie na paji la uso lisiwe limevutwa. Vipodozi vipya usivijaribie siku hiyo. Poda kidogo ya kukata mafuta inawafaa wote, mzee akiwemo. Kama mama mkwe ana miwani ile inayojitia giza juani na ana jozi nyingine ya kawaida, avae hiyo nyingine, la sivyo macho yake hamtayaona.

Kuhusu muda, mpiga picha atapendelea ile saa ya mwisho kabla jua halijazama, na kwa mwanga ana haki. Lakini mtoto wako mdogo kama muda huo ndio anaolilia usingizi, mwanga mzuri hautakusaidia chochote. Omba asubuhi, mpigwe kwenye kivuli cha jengo, kivuli kizima. Chini ya mti jua likipenya kwenye majani, sura zote zitakuwa na madoa ya mwanga.

Watoto wale washibe kabla ya kutoka. Njiani wavae nguo za kawaida, zile za picha zisafiri kwenye henga na wavalie mkifika. Beba maji na biskuti kavu. Juisi na chokoleti usizikaribishe. Beba pini, kitambaa chenye unyevu na kitana.

Wakati wa kupiga usiwaambie "cheka, cheka". Utapata meno, kicheko hutapata. Na vitisho vya "ngoja turudi nyumbani" vinaonekana machoni mwa mtoto. Kama kuna shangazi au rafiki wa kuwachangamsha, asimame nyuma kabisa ya kichwa cha mpiga picha. Akisimama pembeni, nusu ya familia itatazama kamera na nusu itamtazama yeye. Na wewe mwenyewe usigeuke kuwakagua watoto. Picha nyingi nzuri zimeharibika kwa sababu mama alikuwa anaangalia chini.

Mwambie mpiga picha mapema mnataka makundi gani. Anzeni na ninyi sita wakati nguo bado safi na mdogo hajachoka, kisha bibi na wajukuu, halafu mama mkwe akapumzike kivulini. Watoto watatu wafuate, wakishamaliza waende kwa bibi yao wakachezee biskuti zao. Wewe na mzee mbaki mwisho.