Mshahara wa rubani wa ndege za kukodi na namna ya kumkatalia mteja

Mwishoni mwa Oktoba, katika mwaka wangu wa pili wa kurusha ndege za kukodi kaskazini mwa Tanzania, nilisimama kando ya Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kiwanja cha Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nikiwasubiri wageni wanne waliokuwa wamegoma kuondoka ukingoni mwa Mto Mara, kwa kuwa nyumbu walikuwa wamejikusanya kuvuka. Walipaswa kufika saa 10 alasiri. Walifika saa 12 na dakika 20 jioni, wamejaa furaha, na usiku uleule walitakiwa kupanda ndege ya kwenda Ulaya kutoka KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kogatende haina taa, na mwishoni mwa Oktoba jua la upande ule huzama mnamo saa 12 na nusu. Mbele yetu, kuanzia nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ol Doinyo Lengai, mawingu ya vuli yalikuwa yamesimama na radi zilikuwa zimeanza kumulika ndani yake. Niliruka.

Sikuwa nimeridhika kwamba safari ile ni salama. Mwezi ule nilikuwa nimelala kitandani siku 12 kwa malaria, saa zangu za kuruka zilikuwa chache, na kampuni iliyoniajiri ilinilipa mshahara mdogo wa msingi pamoja na posho ya kila saa ya kuruka, kwa utaratibu kwamba safari isiyofanyika haikuwa na malipo hata kama rubani ameshinda kiwanjani kutwa nzima. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Nilikwepa mvua kwa kuzunguka kaskazini juu ya Ziwa Natron, kisha nikapita gizani karibu na milima ya Gelai na Kitumbeine, ambayo vilele vyake vinakaribia mita 3,000 na ambayo sikuweza kuiona. Tulipotua KIA wageni walinipigia makofi, na mmoja wao akanipa bakshishi ya dola 100. Walikuwa wananishukuru kwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya hewani, na hawakuwa na njia yoyote ya kulijua hilo.

Nimeisimulia safari hiyo kwa sababu vijana wanaomaliza mafunzo ya urubani huniuliza mara kwa mara ndege za kukodi na jeti za watu binafsi zinalipa kiasi gani, na mimi huwaomba kwanza waulize fedha hiyo inalipwa kwa utaratibu gani. Rubani ambaye kipato chake kinakatika anapoahirisha safari amekwishadhoofika kabla hajamsalimia mteja. Anaweza kuwa na ujuzi, adabu na sare iliyopigwa pasi vizuri, lakini siku mteja atakapomsukuma, atasukumika.

Jambo hili si la viwanja vya vumbi peke yake. Tarehe 29 Machi 2001 ndege ya aina ya Gulfstream III iliyokodiwa kutoka Los Angeles ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua Aspen, katika milima ya Colorado nchini Marekani, na watu wote 18 waliokuwamo walifariki. Abiria walikuwa wamechelewa kuondoka, uwanja ule ulikuwa na zuio la kutua usiku, theluji ilikuwa ikianguka, na aliyekodi ndege alikasirika alipoelezwa kwamba huenda wakalazimika kutua kwingine. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, walipoorodhesha mambo yaliyochangia, waliandika waziwazi kwamba kapteni alikuwa amewekewa shinikizo la kutua na mteja. Nilipoisoma taarifa ile kwa mara ya kwanza niliiona Kogatende, ila kwa ndege kubwa zaidi na watu wenye fedha nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukiletewa mkataba, usome ukiwa na kalenda mkononi. Katika kazi ya safari za mbugani, Agosti yangu moja ilinipa zaidi ya saa 80 za kuruka, na Aprili iliyofuata, wakati masika imelowesha viwanja na kambi nyingi zimefungwa, sikufikisha saa 20. Ukilipwa kwa saa, utaishi vizuri kuanzia Julai hadi Oktoba, halafu ifikapo Mei utakuwa unakopa. Omba mshahara wa msingi unaotosha chakula, kodi na ada za watoto hata katika mwezi usioruka kabisa, na kama mwajiri anashikilia posho ya saa, omba idadi ya saa zitakazolipwa kila mwezi, uwe umeziruka au hukuziruka. Mimi nilipokea kiwango cha saa kilicho chini kidogo ili nipate dhamana hiyo, na sijawahi kujuta.

Kwenye jeti hesabu hubadilika, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Rubani wa jeti ya mtu binafsi anaweza kuruka saa 20 au 25 tu kwa mwezi, lakini anakaa na simu mkononi siku zote, kwa sababu mwenye ndege anaweza kuamua saa 3 usiku kwamba kesho alfajiri anakwenda Nairobi. Kinachonunuliwa hapo ni utayari wako. Malipo ya haki kwa kazi ya namna hiyo ni ya siku, na siku ya kusubiri hotelini ilipwe sawasawa na siku ya kuruka. Uliza pia kuhusu safari tupu, yaani pale unapoipeleka ndege bila abiria kwenda kumchukua mteja au kuirudisha baada ya kumshusha. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo safari hizo zililipwa nusu, ingawa ndege haijui kama viti vya nyuma vina watu.

Yapo mambo mengine mawili ambayo vijana huyaruka. La kwanza ni mafunzo ya kurusha aina mpya ya ndege, ambayo mara nyingi mwajiri huyagharimia kwa sharti kwamba utamtumikia kwa muda fulani au utamrudishia fedha. Sharti hilo si baya, mradi deni lipungue kila mwezi unaotumikia na lifutike kampuni ikikuachisha kazi yenyewe. La pili ni bima ya leseni, yaani ile inayokulipa ukizuiwa kuruka kwa sababu ya afya. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hupimwa upya kila baada ya miezi 12, na kwa mwenye umri wa miaka 40 na zaidi anayebeba abiria akiwa rubani peke yake, kila baada ya miezi 6. Shinikizo la damu au kisukari kinaweza kukuondoa kwenye usukani wiki moja tu baada ya vipimo. Rafiki yangu mmoja alisimamishwa kuruka kwa sababu ya moyo akiwa na miaka 44, hana bima, na watoto watatu shuleni.

Rubani akishapata mkataba wa namna hiyo, uhusiano wake na mteja unaanza kuwa wa kweli. Mimi hujitahidi kumaliza mazungumzo magumu jioni ya siku iliyotangulia safari, kwa simu, mteja akiwa ametulia. Humwambia saa ya mwisho ya kuondoka na sababu yake kwa maneno mepesi: kiwanja hakina taa, na mimi natua hapo nikiona. Humweleza kwamba mizigo iwe kilo 15 kwa kila mtu na iwe mifuko laini, na kwamba uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na ule wa Wilson wa Nairobi karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na ndege hurefusha mwendo wake kabla ya kuinuka, hasa saa za joto. Kisha humwambia nitakachofanya akichelewa. Mtu aliyekwisha kusikia kwamba akichelewa tutalala Zanzibar anaweza kukasirika akichelewa, lakini hashangai, na hasira isiyo na mshangao hupoa upesi.

Hakikisha unazungumza na mwenye uamuzi. Katika ndege za kukodi, anayelipa mara nyingi siye anayepanda, na katikati yao kuna katibu, meneja wa kambi na dalali wa safari ambaye pengine ameahidi jambo lisilowezekana ili asimpoteze mteja. Nimegundua kwamba ugomvi mwingi ninaouona mlangoni mwa ndege ulizaliwa kwenye ujumbe wa dalali wiki mbili kabla. Ukikataa jambo, kataa kwa heshima, mbele ya mhusika mwenyewe, na umpe njia nyingine palepale: uwanja mwingine, gari la kumpokea, au saa ya kuondoka kesho. Usimtupie lawama mwongozaji ndege wala ofisi yako. Sema ni uamuzi wako, maana ndivyo ulivyo.

Itakufikia pia siku mteja anayekupenda atakapokuvuta pembeni na kukuambia kwamba ana rafiki mwenye ndege, umrushie yeye na wageni wake moja kwa moja, akulipe taslimu mara mbili ya unachopata. Mwenye mshahara mdogo hulala akiifikiria kauli hiyo. Ndege isiyokuwa chini ya cheti cha mwendeshaji wa ndege kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga haina ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo, na bima itajitoa kwenye ajali ya kwanza, ukabaki wewe na familia za waliokuwamo. Mshukuru, mpe namba ya ofisi, na usimhukumu, kwa sababu wengi huuliza bila kujua.

Kuhusu bakshishi, ipokee kwa mikono miwili baada ya safari na uwagawie waliobeba mizigo. Ikiletwa kabla ya safari, irudishe kwa upole mpaka mtakapotua.

Miaka kadhaa baada ya Kogatende, nikiwa narusha PC-12, ndege ndogo nyingine ya injini moja, kwa mkataba wa mshahara wa dhamana, nilikuwa na mteja wa kutoka Zanzibar kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, safari ya karibu saa moja na nusu. Nilikuwa nimemwambia jana yake kwamba mwisho wa kuondoka ni saa 10 na nusu alasiri. Alifika saa 11 na robo, akitoka kwenye chakula cha mchana kilichorefuka, na niliposema tutaondoka asubuhi aliniuliza kama najua yeye ni nani. Nilimjibu kwamba namjua, na kwamba chumba chake cha hoteli kimekwisha kuwekwa. Usiku ule aliiandikia kampuni barua kali, na ofisi ikamjibu kwa maneno yaleyale niliyomweleza kwenye simu, kwa kuwa saa ya mwisho ya kuondoka ilikuwa imeandikwa kwenye fomu yake ya kukodi. Mimi nililala vizuri, na mwisho wa mwezi mshahara wangu uliingia kamili. Saa 12 na nusu asubuhi tuliruka kukiwa kweupe, akiwa amekaa nyuma kimya na kikombe cha kahawa, na tulipofika Seronera nilizunguka mara moja juu ya kiwanja kuwafukuza pundamilia kabla ya kutua.